Kufufua Tanbihi: Mwongozo kwa Anayehariri Makala za Musienene, Butembo na Beni

Fungua kwa simu yako makala ya Wikipedia inayohusu mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini, uteremke hadi chini kabisa kwenye tanbihi. Tafuta zile zinazopeleka kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani na zenye herufi csr/don katikati ya anwani. Hizo ni anwani za mpangilio wa zamani. Shirika lilikwisha kuihamisha mikusanyo yake ya taarifa za milipuko, na ukibonyeza anwani ya zamani huna uhakika utafika wapi. Taarifa yenyewe haijafutwa. Ipo, ina tarehe yake na hesabu zake, na inataja zoni za afya moja moja, Musienene ikiwemo. Kilichopotea ni njia ya kuifikia.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako, ndugu msomaji, unayeishi au uliyekulia kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Beni, Butembo, Musienene na Lubero, na unayeumia unapoona habari za kwetu zimeandikwa ovyo. Neno langu kubwa ni hili: chanzo ni hati. Ni ripoti, gazeti, kitabu au tangazo, nayo ina mwandishi, kichwa, mchapishaji na tarehe. Anwani ya intaneti ni namna moja tu ya kuifikia hati hiyo. Ukilishika hilo hutakata tamaa ukurasa usipofunguka, wala hutaridhika upesi ukifunguka.

Tatizo hili liko dunia nzima. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew Research Center cha Marekani kilichunguza sampuli ya makala za Wikipedia ya Kiingereza, kikakuta asilimia 54 zina angalau kiungo kimoja kilichokufa kwenye marejeo. Lakini kwetu lina uzito wa pekee. Makala kuhusu London ikipoteza kiungo kimoja, mamia mengine yamebaki. Makala kuhusu mji mdogo wa teritwari ya Lubero ikiwa na tanbihi tatu na moja ikafa, theluthi ya ushahidi imeondoka, na mhariri wa mbali asiyeijua Musienene anaweza kuamua kwa nia njema kabisa kufuta sentensi iliyokuwa kweli.

Soma sentensi kabla ya kubonyeza kiungo

Usianze na viungo. Anza na sentensi inayovitegemea, ujiulize inadai nini hasa: nani, wapi, lini, wangapi. Ukishajua, ndipo ufungue chanzo na kutafuta madai hayo hayo. Mara nyingi utakuta kiungo kinafunguka vizuri, mchapishaji anaaminika, ila kile kinachodaiwa hakimo. Mtu fulani alikuja akaongeza nusu sentensi mbele ya tanbihi ya mwenzake, na tangu siku hiyo tanbihi ile inashuhudia jambo isilolijua. Mimi naona kosa hili ni baya kuliko kiungo kilichokufa, kwa sababu halionekani.

Chukua habari za askofu Emmanuel Kataliko. Aliteuliwa mwaka 1966, akaongoza jimbo la kwetu hadi 1997 alipohamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba 2000. Ukikuta sentensi inayosema kwamba mwaka 1966 aliteuliwa kuwa askofu wa Butembo-Beni, simama hapo. Jimbo lilipoundwa mwaka 1959 liliitwa jimbo la Beni, na jina la Butembo-Beni lilikuja mwaka 1967. Kwa hiyo chanzo cha uteuzi kitataja Beni, na msomaji makini atakayekifungua atadhani makala imechanganya majimbo mawili. Dawa yake ni sentensi mbili, kila moja na tanbihi yake: uteuzi wa 1966 kwenye jimbo la Beni, kisha badiliko la jina mwaka uliofuata.

Huwezi kukagua kila kitu kwa jioni moja, hasa ukiwa na mega chache. Anza na sentensi zinazoweza kumuumiza mtu zikiwa za uongo: vifo, tuhuma, makundi yenye silaha, mauaji. Daktari Richard Valery Mouzoko Kiboung, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019 katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben. Sentensi kama hiyo haifai kubaki na tanbihi moja iliyokufa. Inastahili tangazo la shirika lake na taarifa ya chombo cha habari kilichokuwa na mwandishi karibu. Baada ya hizo, shughulikia takwimu. Kisha tarehe za kuanzishwa kwa vitu. Sifa za mandhari na hali ya hewa zinaweza kungoja.

Kiungo kisipofunguka

Kwetu swali la kwanza ni la mtandao. Jaribu tovuti nyingine. Rudi usiku, au tumia laini ya kampuni nyingine. Tovuti za ofisi nyingi nchini mwetu huzimika kwa wiki kadhaa kwa sababu ada ya mwaka haijalipwa, kisha hurudi zikiwa nzima. Usitangaze kifo cha ukurasa kwa sababu ya jioni moja mbaya.

Ukiwa na uhakika kwamba haufunguki, jiulize kama umehama. Tume ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo ilibadili jina tarehe 1 Julai 2010, kutoka MONUC kuwa MONUSCO, na tovuti yake ikabadilika pamoja na jina. Kila tanbihi ya zamani inayoanza na monuc inahitaji kutazamwa. Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002, nayo ilibadili mpangilio wa anwani zake, na zile za miaka ya mwanzo zenye index.php ndani yake hazikufikishi tena kwenye habari. Dawa ya kwanza ni kichwa cha habari. Kinakili kutoka kwenye tanbihi, kiweke ndani ya alama za kunukuu, ukitafute. Ukitaka kutafuta ndani ya tovuti moja tu, andika site:radiookapi.net kisha jina la mahali, bila nafasi baada ya nukta mbili. Taarifa za OCHA (ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu), za Shirika la Afya Duniani na za mashirika mengi ya misaada hunakiliwa pia na ReliefWeb, na magazeti kadhaa ya Kinshasa, Le Potentiel likiwemo, yamewahi kuchapishwa upya na allAfrica. Huko utakuta hati ile ile kwenye anwani nyingine.

Kuna ukurasa wa hatari zaidi ya uliokufa, nao ni ule uliouzwa. Jina la tovuti halikulipiwa, likanunuliwa na watu wa michezo ya kamari au matangazo, na sasa kiungo kinafunguka kwa haraka kuliko vyote. Roboti inayokagua viungo huuona kuwa mzima. Ni jicho lako tu litakalogundua kwamba palipokuwa na habari za Butembo sasa pana kasino.

Hatua inayofuata ni hifadhi ya Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, ambayo tangu 2001 imeifungulia umma mashine yake ya kurudi nyuma, Wayback Machine. Andika web.archive.org/web/ ukiongeza mwaka, mkwaju, kisha anwani nzima iliyokufa. Itakupeleka kwenye nakala iliyo karibu zaidi na mwaka huo. Ukiweka nyota badala ya mwaka, utaona kalenda ya nakala zote. Nakala hizi huwa nzito kufunguka, kwa hiyo shika ujanja huu: kwenye anwani ya nakala kuna tarakimu kumi na nne za tarehe na saa, ongeza id_ mara baada ya tarakimu hizo, kabla ya mkwaju, na ukurasa utakuja bila utepe na mapambo ya hifadhi. Kwa mtu anayenunua mega za siku, tofauti si ndogo.

Sasa uchague nakala kwa akili. Tanbihi nyingi zina tarehe ambayo mhariri wa kwanza aliufungua ukurasa. Chukua nakala ya karibu na siku hiyo, uisome, uhakikishe kwamba inasema kile sentensi inachodai. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na sura tano kwa miaka mitano, na nakala ya mwaka jana haithibitishi sentensi iliyoandikwa 2012. Ukiridhika, rudi kwenye makala, bonyeza Hariri chanzo, tafuta kigezo cha tanbihi. Hata kwenye Wikipedia ya Kiswahili sehemu zake zina majina ya Kiingereza: kwenye archive-url unaweka anwani ya nakala, kwenye archive-date tarehe ya nakala hiyo, na kwenye url-status unaandika dead. Anwani ya zamani usiifute. Iache palepale, maana ndiyo inayoonyesha hati ilitoka wapi. Ukihariri Wikipedia ya Kifaransa, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoisoma, utaona kando ya tanbihi nyingi neno dogo archive linalopeleka kwenye hifadhi ya Wikiwix. Libonyeze kabla ya kutafuta kwingine.

Roboti iitwayo InternetArchiveBot hufanya sehemu ya kazi hii. Mwaka 2018 Internet Archive ilitangaza kwamba zaidi ya viungo milioni 9 vilikuwa vimeokolewa katika Wikipedia za lugha 22. Itumie, lakini usiiachie hukumu. Roboti inajua kama ukurasa unafunguka. Haijui kama ukurasa unasema kweli kuhusu Musienene.

Na usipopata nakala popote? Tanbihi yenye jina la gazeti, kichwa, mwandishi na tarehe bado ni tanbihi halali. Gazeti lilichapishwa, watu walilisoma, kuna mahali nakala yake imelala. Weka alama ya kiungo kilichokufa, tarehe uliyojaribu, basi. Ukiifuta, mtu atakayekuja baada yako hatakuwa hata na pa kuanzia.

Hesabu bila tarehe ni uvumi

Musienene imetajwa katika milipuko miwili ya Ebola iliyo karibu, na makala nyingi huichanganya. Ule mkubwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Ule mdogo ulitangazwa tarehe 7 Februari 2021 ukaisha tarehe 3 Mei mwaka huo huo, ukiwa na wagonjwa 12 na vifo 6 katika zoni nne za afya: Biena, Butembo, Katwa na Musienene. Ukikuta sentensi inayosema Musienene ilipata Ebola bila kusema lini, hujui ni upi kati ya hiyo miwili, na tanbihi ya mmoja haiwezi kubeba mwingine.

Hata mlipuko mmoja una hesabu zaidi ya moja. Kwa ule wa 2018 hadi 2020, jumla ya Shirika la Afya Duniani ni wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kwingine utakuta 3,481 na 2,299. Hapa hakuna mwongo: orodha husahihishwa, wagonjwa wa kudhaniwa huongezwa au huondolewa baada ya uchunguzi. Kosa ni la mhariri anayebadili namba moja kuwa nyingine na kuiacha tanbihi ile ile ya zamani. Andika namba pamoja na mwenye namba na tarehe yake, ndani ya sentensi yenyewe. Msomaji atajua anasoma hesabu ya nani.

Idadi ya watu ni mtihani mgumu zaidi. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Namba yoyote ya baadaye kuhusu Butembo, Beni au Musienene ni makadirio: ya ofisi ya mji, ya zoni ya afya kwa ajili ya chanjo, au ya tovuti ya nje inayozidisha kwa asilimia kila mwaka. Ndiyo maana makadirio ya Butembo yanatofautiana sana kutoka ukurasa hadi ukurasa. Usiandike “Butembo ina watu” kadha wa kadha. Andika kwamba ofisi fulani ilikadiria hivyo mwaka fulani. Kama tovuti haisemi imeitoa wapi, iache.

Kuna mtego mwingine hapa ambao mgeni hauoni na wewe unauona mara moja. Jina Musienene ni la mji, ni la parokia, ni la hospitali, na ni la zoni ya afya yenye maeneo mengi ya afya ndani yake. Ripoti ya afya ikitaja idadi ya watu wa Musienene, inazungumzia zoni nzima, yaani vijiji vingi vilivyo mbali na barabara. Mhariri wa Ulaya ataichukua namba hiyo na kuibandika kwenye kisanduku cha mji. Tanbihi itakuwa nzima, kiungo kitakuwa hai, na makala itakuwa imekosea vibaya. Ujuzi wako wa mahali unafaa hapa kuliko ujuzi wowote wa kompyuta.

Chanzo kilichonakili makala yenyewe

Ukitafuta habari za mahali padogo utakutana na tovuti nyingi zenye maelezo yanayofanana neno kwa neno. Nyingi zimenakili Wikipedia. Mhariri akizitumia kuithibitisha makala, makala inajishuhudia yenyewe. Njia ya kuzitambua ni kufungua historia ya makala na kutafuta siku sentensi ilipoingia. Kama tovuti imechapisha maneno hayo baada ya siku hiyo, na maneno ni yale yale, si chanzo. Hata kazi ya mwanafunzi ya mwisho wa masomo inaweza kuwa imenakili. Tazama marejeo yake kabla ya kuiamini.

Ujumbe wa WhatsApp na picha za Facebook siziwekei tanbihi, hata kama aliyetuma ni mtu ninayemheshimu. Ukurasa rasmi wa ofisi kwenye Facebook unaweza kuthibitisha kwamba ofisi ilisema jambo, si kwamba jambo ni kweli, na hifadhi za intaneti hushindwa mara kwa mara kunasa kurasa hizo. Habari iliyotangazwa na redio ya mtaa itafute ilikoandikwa: Radio Okapi, Actualite.cd, taarifa za OCHA. Mauaji ya upande wa Beni na Lubero huripotiwa kwa idadi inayopanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo taarifa ya saa ya kwanza usiiache kuwa ya mwisho. Rudi baada ya wiki, utafute iliyo kamili zaidi.

Vitabu, na maneno ya wazee

Watu husema hakuna vyanzo kuhusu kwetu. Vipo, ila vingi haviko kwenye intaneti. Padri Lieven Bergmans wa shirika la Waasumpsionisti aliandika juzuu kadhaa ziitwazo Les Wanande, na ya kwanza inahusu historia ya Baswagha, yaani watu wa Musienene na majirani zake. Zilichapishwa Butembo kuanzia miaka ya 1970. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina jarida lake, Parcours et Initiatives. Timothy Raeymaekers aliandika kitabu kizima kuhusu wafanyabiashara wa Butembo, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 2014. Makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yana nyaraka za enzi za ukoloni. Maandishi ya sheria na amri utayapata kwenye leganet.cd. Kitabu hakihitaji kiungo. Kinahitaji mwandishi, jina, mji, mchapishaji, mwaka na ukurasa, na ukurasa ndio watu wanaousahau. Tanbihi inayotaja kitabu cha kurasa mia tatu bila namba ya ukurasa inamwambia msomaji akakisome chote.

Soma pia kwa tahadhari. Padri wa miaka hiyo aliandika kwa macho ya wakati wake, na mambo mengine aliyoyahukumu leo hatuyahukumu hivyo. Mtaje kwa jina ndani ya sentensi pale maoni yanapokuwa yake.

Maneno ya wazee ndiyo yanayoniuma. Mzee wa Musienene anaweza kujua asili ya kijiji kuliko kitabu chochote, lakini kamusi elezo haipokei kile ambacho hakijachapishwa popote, kwa sababu msomaji wa Mombasa hana namna ya kukihakiki. Usikiingize kwa kukipachikia tanbihi isiyohusika. Ni kudanganya, hata kama habari ni kweli. Kirekodi kwa idhini yake, ukipeleke kwa watafiti wa chuo au kwa mwandishi wa habari achapishe kwa jina lake. Kikishachapishwa, mtu mwingine atakitaja.

Kabla ya kuweka kiungo kipya

Kila ukurasa unaoutaja leo, uhifadhi leo. Nenda web.archive.org/save, bandika anwani, ngoja ikupe nakala, uweke zote mbili kwenye tanbihi. Usibandike anwani tupu: andika kichwa, mwandishi, mchapishaji, tarehe ya kuchapishwa na tarehe uliyofungua. Oktoba 2024 Internet Archive yenyewe ilishambuliwa na wadukuzi ikazimika kwa siku kadhaa. Tanbihi iliyoandikwa kwa ukamilifu iliendelea kueleweka siku zile zote. Mtandao ukiwa wa kukatakata, andika tanbihi zako kwanza kwenye daftari la simu, kisha uzibandike kwa mara moja.

Fungua akaunti, na kwa hali ya upande wetu tumia jina lisilo lako. Usiandike wahanga kwa majina kama si watu wa umma, hata yakiwa kwenye gazeti. Usiweke picha au maelezo yanayoonyesha wakimbizi wamelala wapi. Unapoondoa sentensi ya tuhuma isiyo na chanzo, sema kwenye muhtasari kwamba umeiondoa kwa kukosa chanzo, bila kuongeza hukumu yako juu ya kundi lolote.

Na kila hariri iwe na muhtasari wa maneno machache: umebadilisha nini, umepata wapi. Pale uliposhindwa, fungua ukurasa wa Majadiliano wa makala, uandike tanbihi ipi imekufa, anwani zipi umejaribu, kichwa gani umekitafuta na tarehe uliyofanya hivyo. Taja pia hati unayodhani inahitajika, kwa mfano juzuu ya kwanza ya Bergmans, sura inayohusu mahali fulani. Mwenye maktaba karibu, awe Butembo, Kinshasa au Tervuren, ataanzia hapo ulipoishia.